Mechi 36, mechi 49, na mikeka yangu miwili iliyochanika ndani ya wiki moja

Ile Jumanne ya tarehe 22 Novemba 2022 saa saba mchana sitaisahau aisee. Nlikuwa kibandani kwangu (mi ni wakala wa pesa za simu hapa Dar, kibanda kimepakana na saluni ya kiume), wateja hamna kabisa maana kila mtu kajazana kwa kinyozi anaangalia Argentina na Saudia. Mkeka wangu (tiketi ya kubeti, timu moja ikikosea wote unachanika) ulikuwa na timu sita, Argentina nimeiweka hendikapu, yaani washinde kwa tofauti ya goli mbili kwenda juu, kwa sababu ushindi wa kawaida ulikuwa na odds (bei, yaani hela yako inazidishwa mara ngapi ukishinda) ya moja na visenti, hata soda hupati. Kinyozi akaniambia "kaka hiyo hela ya kuokota, hao mechi 36 hawajapoteza". Dakika ya 10 Messi akaweka penati, mi nikaanza kupanga matumizi.

Basi bwana. Kipindi hicho hicho cha kwanza Argentina wakatia mpira wavuni mara tatu tena na zote zikakataliwa, ofsaidi, ofsaidi, ofsaidi. Kipindi cha pili kimeanza tu hatujakaa vizuri, dakika ya 48 Saleh Al-Shehri, dakika ya 53 Salem Al-Dawsari, mbili moja, alafu kipa wao Mohammed Al-Owais akadaka kila kilichokuja mpaka refa anapuliza. Usiku saa nne Ufaransa wakampiga Australia 4-1, na Ufaransa nlikuwa nao kwenye mkeka, ila mkeka ulishachanika toka mchana, ni kama mvua kunyesha ukiwa ushauza jembe.

Wiki moja mbele, Jumanne tena, tarehe 29. Yanga wako Mbarali kule Mbeya kucheza na Ihefu, Ihefu wako chini kwenye msimamo, Yanga mechi 49 za ligi hawajapoteza, wakishinda au kutoa sare wanafikisha 50. Mi Mwananchi (shabiki wa Yanga) toka nasoma shule ya msingi kwahiyo hapo hata sikufikiria, nikaweka. Yanga wakatangulia kufunga. Wakarudishiwa, wakaongezwa la pili. Mbili moja.

Yaani angalia hizo mechi mbili zilivyofanana. Wote rekodi ndefu, wote wametangulia kufunga, wote 2-1, ndani ya siku nane, na mi kwenye zote mbili sababu yangu ya kuweka ilikuwa namba moja tu, 36 na 49. Siku hiyo nikanunua kaunta buku na ndo nlipoanza kufuatilia takwimu za timu kiukweli ukweli, sio zile za kuangalia "fomu" kwenye aplikesheni, W W W W W (yaani kashinda) za kijani unaona raha unaweka. Watu wananiuliza sana hii kitu nafanyaje, naandika hapa mara moja nisirudie rudie.

Kwanza nirudi kwa Argentina maana nlikaa nayo usiku mzima. Mechi zao tano za mwisho kabla ya Kombe la Dunia zilikuwa hivi: Italia 3-0, Estonia 5-0, Honduras 3-0, Jamaica 3-0, Falme za Kiarabu 5-0. Jumlisha, goli 19 kwa bila. Kumi na tisa! Ukigawa kwa tano ni karibu goli nne kila mechi na nyavu zao hazijaguswa. Sasa mtu ukiona hiyo utaachaje kuweka hendikapu? Ila soma majina sasa, acha magoli. Ukimtoa Italia (ambaye hata Kombe la Dunia lenyewe hakufuzu), waliobaki ni Estonia, Honduras, Jamaica na Falme za Kiarabu, wote mechi za kirafiki. Wastani wa 3.8 ulikuwa wa kweli lakini ulikuwa unanieleza ubovu wa Estonia kuliko unavyonieleza Argentina atamfanya nini Saudia.

Upande wa pili ndo nlikuwa sijafungua kabisa, na hapa ndo nlijiona mjinga. Saudia kwenye kufuzu waliongoza kundi, wakamaliza na pointi 23, Japani akawa wa pili na 22, Australia akabaki nyuma akapitia mlango wa uani. Mwezi wa tisa wakacheza na Ecuador 0-0, wakacheza na Marekani 0-0. Tarehe 16 Novemba, siku ile ile Argentina anampiga Falme za Kiarabu tano, Saudia alikuwa Riyadh na Croatia akafungwa 1-0, tena goli la kuelekea mwishoni. Croatia huyo ndo alikuja kumaliza wa tatu wa dunia. Toka mwezi wa tisa mechi zao zote za maandalizi hakuna hata moja waliyoruhusu goli zaidi ya moja! Alafu kikosi chote kinacheza ligi ya kwao, kumi na mbili kati ya 26 wanatoka Al-Hilal, yaani wanajuana mpaka anavyokohoa mwenzao. Na kocha ni Hervé Renard, yule yule aliyempa Zambia Kombe la Afrika 2012 wakati hakuna aliyekuwa anaitaja Zambia.

Honduras ukitaka kabisa, alicheza na wote wawili mwaka huo. Argentina akampiga 3-0, Saudia wakatoka 0-0. Mechi moja moja haithibitishi kitu lakini inakuonyesha ni timu ya aina gani, mmoja anafungua mechi mwingine anaifunga.

Naomba tuelewane hapa, sisemi takwimu zilionyesha Saudia anashinda. Mtu akikuambia aliiona hiyo kwenye namba muulize mkeka wake uko wapi. Namba zilikuwa zinasema Argentina ni bora na anashinda mara nyingi, ila zilikuwa zinasema vile vile kwamba huyu mpinzani haruhusu goli nyingi, kwahiyo kununua tofauti ya goli mbili kwa bei ile ilikuwa kununua nyanya kwa bei ya nyama. Hata bila ile mbili moja, wangeshinda 1-0 mkeka wangu bado unachanika.

Na baada ya mechi nikaangalia takwimu za mechi yenyewe, nazo ni somo jingine. Mashuti Argentina 15, Saudia 3. Yaliyolenga goli 6 kwa 2, na hayo mawili ya Saudia ndo magoli yenyewe. Ofsaidi za Argentina 10, saba kipindi cha kwanza peke yake, kwa sababu Renard aliipandisha safu ya ulinzi juu kabisa karibu na katikati na Argentina wakawa wanaingia mtegoni kama panya. Mojawapo ya yale magoli yaliyokataliwa ilikuwa ofsaidi ya bega sijui mkono, ile teknolojia mpya ya kuchora mistari ndo ilimkamata. Rudia mechi ile mara kumi Argentina anashinda nyingi tu. Na mnajua walivyomaliza, tarehe 18 Desemba wakabeba kombe kwa penati mbele ya Ufaransa baada ya 3-3. Aliyekaa wiki ile akasema "Argentina hamna kitu" kwa sababu ya matokeo ya mechi moja alikosa hela nyingi kuliko mimi.

Kwahiyo sasa hivi nikifungua mechi sianzi na matokeo, naanza na mashuti. Matokeo ya mechi tano ni kitu kidogo sana, goli ni tukio la nadra, timu inaweza kushinda tatu mfululizo kwa shuti mbili mbili. Ila timu inayopiga mashuti 15 kila wiki na kuruhusu 8, hata kama imepoteza mbili, ntaiangalia kwa jicho zuri kuliko inayoshinda 1-0 huku imepigwa 18. Wenzetu wa ligi za Ulaya wana kitu kinaitwa xG, kila shuti linapewa thamani kulingana na lilipopigwa na mazingira yake, penati inapewa kama 0.76 mpaka 0.79 hivi, shuti la mbali nje ya boksi linaweza kupewa 0.03. Unajumlisha unaona timu ilistahili goli ngapi. Timu ikifunga juu ya xG yake wiki nyingi mfululizo, kuna siku inarudi chini, na siku hiyo mara nyingi ndo mi nimeiweka.

Ligi yetu ndo shida, mechi nyingi hizo namba huzipati kirahisi. Mi nafanya hivi, mechi ikiwa Azam TV nakaa na daftari, ukurasa nachora mstari katikati, kila shuti la ndani ya boksi kijiti, la nje ya boksi nukta. Kinyozi ananicheka anasema nakagua mahudhurio. Sawa. Ila baada ya miezi miwili nlikuwa najua timu gani ya chini inatengeneza nafasi na haifungi, na hiyo huipati kwenye msimamo.

Umiliki wa mpira mi sishughuliki nao kabisa, naomba na wewe uache. Novemba 2012 Barcelona walienda Glasgow kucheza na Celtic ligi ya mabingwa, Barcelona wakakaa na mpira zaidi ya asilimia 80, themanini, Celtic walikuwa wanauona tu unapita. Kona, kichwa, Victor Wanyama, ndugu zetu wa Kenya nchi nzima imesimama. Tony Watt akaongeza la pili dakika za mwisho, Messi akarudisha moja imeshachelewa. 2-1. Mpira kukaa nao sio kosa ila mwenye mpira na mwenye nafasi ni watu wawili tofauti.

Nyumbani na ugenini hii ndo watu wengi wanaijua kwa mdomo ila hawaitumii. Ukichukua wastani wa timu kwa ujumla unachanganya maji na mafuta. Kuna timu nyumbani inafunga mbili ugenini inafunga nusu, ukichukua jumla unapata moja na robo ambayo haipo popote. Na faida ya nyumbani yenyewe sio kitu cha kudumu kama ukuta, msimu wa 2020/21 kule Uingereza viwanja vikiwa karibu vyote vitupu kwa sababu ya korona, Ligi Kuu yao wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144. Wageni wakawazidi wenyeji! Walioendelea kuweka wenyeji kwa mazoea msimu ule walilipa ada.

Kwetu huku nyumbani sio mashabiki tu, ni kiwanja chenyewe. Highland Estates pale Mbarali sio Mkapa. Timu inayocheza pasi fupi fupi ikifika kiwanja ambacho mpira unadunda unavyotaka, ubora wake unapungua na wa mpinzani wala hauongezeki, ila pengo limefupishwa. Hiyo aplikesheni haikwambii. Wala haikwambii timu imesafiri na nini na imelala wapi. Mi kwenye daftari nina safu ya siku za kupumzika, mechi ya mwisho ilikuwa lini na wapi, na hii imenisaidia kuliko xG kusema kweli, hasa kwa Simba, Yanga na Azam wakiwa kwenye mashindano ya Afrika.

Sasa rekodi ya kukutana, H2H. Hii ndo mama wa uongo wote. Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ligi kuu, nikupe mfululizo: Desemba 2021 ilikuwa 0-0, Aprili 2022 ikawa 0-0, Oktoba 2022 ikawa 1-1, Aprili 2023 Simba 2-0. Mechi nne za ligi, goli nne, hakuna hata moja iliyozidi goli mbili. Hata Ngao ya Jamii Agosti 2023 kule Tanga waliisha dakika tisini bila goli, Simba akashinda kwa penati. Kwahiyo ikaja tarehe 5 Novemba 2023 kila mtu mtaani anaweka ande (magoli ya mechi yasizidi mawili), ande 2.5 ni hela ya benki, nlikuwa nawawekea watu salio mchana kutwa. Simba 1, Yanga 5. Kocha Robertinho akaondoka Simba kwa ile mechi. Ukiangalia vizuri zile mechi nne za nyuma makocha sio wale wale, wachezaji sio wale wale, wengine waliofunga siku ile kama Pacôme na Maxi Nzengeli hawakuwepo hata nchini. Sasa sare ya 2021 inamhusu vipi Maxi? Haimjui.

Ngoja nije kwenye hela maana hapa ndo wengi wanaachwa, na mi nliachwa miaka. Unaweza kuijua timu vizuri na bado ukapoteza kwa sababu hukuangalia bei. Odds ni asilimia tu imegeuzwa. Chukua 100 gawa kwa odds unapata kampuni inasema nafasi ni ngapi. Tuseme mechi ina 1.85 kwa mwenyeji, sare 3.50, mgeni 4.20. Mwenyeji ni kama 54, sare 28.6, mgeni 23.8. Jumlisha. Inakuja 106 na kitu. Mbona imezidi mia? Hiyo sita na kitu ndo chakula cha kampuni, wameshakata kabla mpira haujapigwa. Kwahiyo ukisema "mwenyeji anashinda" hujasema kitu bado, inabidi useme anashinda mara ngapi kwa mia. Ukiona ni 50, kwa bei ya 1.85 hiyo sio mechi ya kuweka hata kama unaamini atashinda. Ukiona ni 60 na una sababu kwenye daftari, sawa. Na sio sababu ya moyoni, ya kwenye daftari.

Magoli nayo nikupe hesabu ninayofanya, mfano wa kubuni tu. Mwenyeji akiwa kwao anafunga wastani 1.8. Mgeni akiwa ugenini anafunga 0.9. Mtu anajumlisha haraka haraka 2.7, ova 2.5 (goli tatu kwenda juu) twende. Hapana, hujaangalia kila mmoja anaruhusu ngapi. Mgeni ugenini anaruhusu 1.2 wakati wastani wa ligi wenyeji wanafunga 1.5, kwahiyo huyu ana ulinzi mzuri, chukua 1.8 zidisha 1.2 gawa 1.5, unapata 1.44. Mwenyeji nyumbani anaruhusu 0.8 wakati wageni kwenye ligi wanafunga wastani 1.0, 0.9 zidisha 0.8 gawa 1, unapata 0.72. Jumla sasa ni 2.16 sio 2.7. Alafu kuna kanuni ya Poisson, Mfaransa mmoja wa karne ya 19, unaingiza ile 2.16 kwenye kikokotoo chochote cha mtandaoni kinakupa uwezekano wa goli sifuri, moja, mbili. Hapa goli tatu kwenda juu inakuja kama asilimia 37. Bei ya haki ya ova hiyo ni kama 2.70. Kampuni ikikupa 2.10 unaona tamu kwa sababu ni zaidi ya mara mbili, kumbe umeuziwa. Hesabu yenyewe dakika tano, wala sio ya chuo kikuu.

Ina mapungufu yake hiyo kanuni, inachukulia magoli hayategemeani, wakati timu ikitangulia mechi inabadilika, mwingine anapanda mwingine anarudi nyuma. Na ukitumia mechi nne tano za mwanzo wa msimu unapata takataka, mi nasubiri angalau mechi kumi, kabla ya hapo nachanganya na msimu uliopita. Na majeruhi wala kadi haizijui. Brazil 2014 nusu fainali Belo Horizonte, timu ambayo toka 1975 haijapoteza mechi ya mashindano kwao, ila siku hiyo Neymar hayupo, kavunjika mgongo mechi ya nyuma, na Thiago Silva ana kadi, wastani wote wa magoli uliokusanywa ulikuwa wa timu nyingine kabisa. Dakika ya 29 ishakuwa 5-0, ikaisha 7-1. Alafu mashuti Brazil ndo walipiga mengi, mnaona sasa na mashuti nayo yanavyodanganya, ukiwa unafungwa tano lazima upige tu hata kutoka kwenye choo cha uwanja.

Kwahiyo orodha ya kikosi ikitoka saa moja kabla ya mechi naiangalia ndo naamua, mkeka wa asubuhi mi nimeacha.

Na mkeka mrefu nimeacha pia, hii nimejifunza kibandani kuliko popote. Chukua timu kumi za "uhakika", kila moja odds 1.20, jumla inakuja kama 6.2, buku inakupa buku sita. Tuseme kila moja inashinda kweli mara 80 kwa mia, ambazo ni nyingi. Zote kumi kushinda pamoja ni kama 11 kwa mia. Bei ya haki ingekuwa 9 na kitu, umepewa 6. Ile asilimia ndogo kampuni wanayokata kwenye mechi moja, kwenye kumi inakatwa mara kumi, ndo maana wanakupa bonasi ukiweka timu nyingi, hakuna anayekupa zawadi bure. Mi nakaa dirishani naona, wanaokuja kuweka salio la kubeti kuanzia Ijumaa jioni ni foleni, wanaokuja kutoa Jumatatu nawajua kwa majina. Nikisema wawili sijatia chumvi. Na hizi grupu za Telegram za mechi fiksi, mtu ana mechi fiksi anakuuzia wewe elfu tano? Si angeweka mwenyewe akanyamaza.

Daftari langu lenyewe msije mkadhani limenijengea nyumba. Mwaka wa kwanza nlikuwa chini, wa pili nikakaribia kulingana, na nabeti kidogo sana siku hizi, wiki nyingine siweki kabisa kwa sababu nikimaliza hesabu bei haipo. Kinyozi anasema nimeharibu starehe. Inawezekana.

Tarehe 4 Oktoba 2023. Yanga anarudi Mbarali kwa Ihefu. Kwenye ligi kaanza na KMC 5-0, JKT 5-0, Namungo 1-0, kijani kitupu. Mi nikafungua daftari. Jumamosi ya tarehe 30 Yanga alikuwa na Al-Merrikh hapa Dar, akashinda 1-0 akaingia makundi ya ligi ya mabingwa mara ya kwanza baada ya miaka 25, jiji halikulala. Jumatano yuko Mbarali. Siku nne, safari ndefu, kiwanja kile kile, na zile tano tano mbili zote alizipata Dar. Nikafanya hesabu yangu, Yanga nikampa 65 kwa mia, bei ya kampuni ilikuwa inasema karibu 80. Nikamkata. Chini yake nikaandika kwa kalamu nyekundu Ihefu au sare, bei nzuri, nikapigia mstari.

Ikaisha 2-1 Ihefu. Kinyozi katoka saluni na mashine mkononi bado inanguruma, mteja kamwacha nusu kichwa, kachukua daftari langu kwenye kaunta kasoma.

"Sasa kaka umeandika mwenyewe hapa. Uliweka shilingi ngapi?"

"Sijaweka."

"Hujaweka! Umeandika, umepiga mstari, hujaweka?"

"Mi Yanga bwana."

Akaniangalia, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, alafu akatoa buku mbili mfukoni akaniambia nimwekee, kuna mechi za Ulaya usiku.